Umbo Halijui Limehamishwa

Leo hakuna simu mpya wala programu mpya ya kupakua. Leo ni historia, tena historia ya somo ambalo wengi wetu tulilipita shule ya upili tukidhani ni la bure: kuhamisha umbo kwenye karatasi ya grafu. Unapewa pembetatu, unaambiwa isogeze hatua 3 kulia na hatua 2 chini. Unajumlisha 3 kwa kila x, unatoa 2 kwa kila y, unaunganisha nukta, unachukua alama zako. Kuzungusha kulihitaji bikari na kipimapembe. Kuakisi kulihitaji mstari wa kioo. Kuhamisha ilikuwa kujumlisha tu, hesabu ya watoto.

Mimi huandika programu kwa riziki, na nyingi kati yazo zina ramani ndani yake. Kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuliogopa somo lile la bure. Ukilikuza umbo, pima upande mmoja tu na utajua limekuzwa. Ukilizungusha, pande zake zitaelekea kwingine. Lakini ukilihamisha, hakuna kinachobadilika ndani yake: urefu wa pande ni ule ule, pembe ni zile zile, eneo ni lile lile, hata mwelekeo haujasogea. Hakuna kipimo unachoweza kuchukua ndani ya umbo kikakuambia kwamba limehama. Lazima utoke nje yake uulize: sifuri iko wapi, na ni nani aliyeiweka hapo?

Majibu ya uongo

Tuanze mwaka 1637, mjini Leiden, Uholanzi. Mfaransa René Descartes anachapisha kitabu chake cha falsafa, Discours de la méthode, na nyuma yake anaambatisha insha tatu. Moja inaitwa La Géométrie. Hapo ndipo tunapoambiwa gridi ilizaliwa, na ndiyo maana mihimili ya x na y imebandikwa jina lake mpaka leo.

Ukiifungua insha yenyewe utashangaa. Hakuna gridi! Hakuna mihimili miwili iliyokatana kwa pembe mraba. Descartes anachagua mstari mmoja kwenye mchoro, anachagua nukta ya kuanzia kupima, na mstari wa pili unakaa kwa pembe yoyote inayomfaa. Tena anasema wazi kwamba uchaguzi ni wako. Ukichagua vizuri, mlinganyo utakuwa mfupi, lakini hata ukichagua vibaya mchirizi wenyewe utabaki wa aina ile ile. Yaani sifuri si mali ya umbo. Ni mali ya mtu anayepima.

Sasa nenda sehemu ya tatu ya insha hiyo, ambayo watu wengi hawaifikii. Wakati ule nambari hasi zilikuwa bado zinatiliwa shaka Ulaya. Mlinganyo ukitoa jibu lililo chini ya sifuri, Descartes aliliita jibu la uongo. Majibu chanya ndiyo yaliyokuwa ya kweli. Anautoa mfano huu:

x⁴ + 4x³ − 19x² − 106x − 120 = 0

Majibu yake ni 5, −2, −3 na −4. Moja la kweli, matatu ya uongo. Kisha anasema tuite x + 3 kwa jina jipya, y. Ukifungua mabano yote (fanya mwenyewe jioni moja umeme ukipotea) unapata:

y⁴ − 8y³ − y² + 8y = 0

Majibu sasa ni 8, 1, 0 na −1. Lile 5 limekuwa 8. Yote manne yamesogea hatua 3 kulia kwenye mstari wa nambari, na nafasi kati yao haijapungua wala kuongezeka. Anaeleza kwamba ukijumlisha nambari iliyo kubwa vya kutosha, kila jibu la uongo litageuka kuwa la kweli. Hakuna kilichotatuliwa hapo. Kilichofanyika ni kuivuta sifuri kushoto mpaka kila mtu awe upande wake wa kulia.

Shikeni ujanja huo wa kujumlisha nambari kubwa ili kuzikimbia hasi. Tutakutana nao tena Nanyuki.

Haki itendeke pia kwa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliyefikia wazo la kuandika mistari na michirizi kama milinganyo karibu wakati ule ule bila kumsubiri Descartes. Insha yake ilichapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya yeye kufariki, kwa hiyo jina lililobandikwa kwenye mihimili ni la mwenzake.

Sifuri inayokataa kusogea

Sasa turuke hadi karne ya 19, kwa sababu hapo ndipo somo letu la bure lilipoanza kusumbua.

Mwaka 1858 Mwingereza Arthur Cayley alichapisha makala kuhusu matriksi, zile jedwali za nambari zinazozidishwa kwa kanuni yake maalumu. Matriksi ya 2 kwa 2 ni chombo kitamu sana. Unaiandika mara moja, kisha unaizidisha na kila nukta ya umbo. Inaweza kuzungusha, kukuza, kuakisi, hata kulalisha umbo upande. Tamu zaidi, ukitaka kuzungusha halafu kukuza halafu kuakisi, unazidisha matriksi tatu pamoja kwanza, unabaki na moja tu inayofanya kazi zote tatu kwa mpigo.

Kitu kimoja haiwezi: kuhamisha. Sababu ni ya aibu kwa urahisi wake. Nukta (0, 0) ukiizidisha na chochote inabaki (0, 0). Sifuri imepigiliwa msumari. Hesabu ile ya watoto ndiyo pekee iliyobaki nje ya mlango.

Ajabu ni kwamba ufunguo ulikuwa umeshatengenezwa miaka 31 kabla ya makala ya Cayley. August Ferdinand Möbius, mtaalamu wa nyota wa Leipzig (ndiyo, yule wa utepe uliopindwa), alichapisha mwaka 1827 kitabu kiitwacho Der barycentrische Calcul. Wazo lake lilitoka kwenye mizani. Chukua pembetatu, weka uzito kwenye kila pembe, kisha uliza pembetatu itasawazika ukiiegemeza kwenye nukta gani. Ukibadilisha uzito, nukta ya usawa inahama. Kwa hiyo kila nukta ya bapa inaweza kutajwa kwa uzito wa aina tatu. Na ukizidisha uzito wote mara mbili, nukta ya usawa haisogei hata kidogo, kwa sababu mizani hujali uwiano tu.

Nambari tatu kwa nukta ya bapa lenye pande mbili! Inaonekana kama ubadhirifu, lakini ile nambari ya tatu ndiyo inayong'oa msumari. Badala ya (x, y) tunaandika (x, y, 1), na tunakubaliana kwamba (2x, 2y, 2) ni nukta ile ile. Sasa chukua matriksi hii:

1 0 a
0 1 b
0 0 1

Izidishe na (x, y, 1) na utapata (x + a, y + b, 1). Kujumlisha kumegeuka kuwa kuzidisha. Kuhamisha kumeingia ndani ya nyumba na ndugu zake.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua rimu ya karatasi za kuchapia uiweke mezani. Sifuri halisi iko chini kabisa, kwenye meza. Umbo letu limechorwa kwenye karatasi ya juu, ambayo tunaihesabu kuwa kimo cha 1. Sasa ilaze rimu upande kwa kiganja. Karatasi ya chini haijasogea, lakini ya juu imesogea, na mchoro ulio juu yake umesafiri mzima mzima bila kupindika. Sifuri bado imepigiliwa msumari, ila sisi hatukai tena sakafu moja nayo.

Mwaka 1872, mjini Erlangen, Ujerumani, kijana wa miaka 23 aitwaye Felix Klein alipendekeza kwamba jiometri nzima ielezwe kwa kuuliza swali moja: tukiruhusu mageuzi fulani, ni mambo gani ya umbo yanayobaki bila kubadilika? Kwa lugha yake, kile ninachokiogopa mimi si kasoro. Ndiyo maana yenyewe ya kuhamisha.

Kalamu ya mwanga

Hesabu hizo zilikaa vitabuni zikisubiri mtu mwenye kompyuta. Januari 1963 Ivan Sutherland alikabidhi tasnifu yake MIT, Marekani, kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Aliiandika kwenye mashine ya TX-2 katika Lincoln Laboratory, yenye kioo cha inchi 7 kilichogawanywa nukta 1024 kwa 1024. Mtumiaji alishika kalamu ya mwanga, akagusa kioo, akachora mstari, akaushika, akausogeza. Kabla ya hapo, kuhamisha umbo kulimaanisha kufuta na kuchora upya.

Ninachokipenda mimi kwenye Sketchpad kimejificha ndani. Unachora umbo asili mara moja, tuseme njumu. Kisha unaweka nakala zake ishirini kwenye mchoro. Lakini nakala hazibebi mistari ya njumu. Kila moja hubeba habari chache tu: iko wapi, ina ukubwa gani, imezungushwa kiasi gani. Ukirekebisha umbo asili, nakala zote ishirini zinabadilika papo hapo. Wanaoandika programu watakuwa wameshaitambua sura hiyo, maana ndiyo tunayoitumia hadi leo. Umbo limetenganishwa na mahali lilipo.

Mwaka huo huo wa 1963, mtafiti mwingine wa Lincoln Laboratory, Lawrence Roberts, aliandika tasnifu kuhusu jinsi mashine inavyoweza kutambua vitu vya pande tatu kwenye picha. Yeye ndiye aliyezileta zile nambari za ziada za karne ya 19 kwenye kompyuta na kuziunganisha na matriksi, safari hii za 4 kwa 4 kwa sababu ya pande tatu. Kadi za michoro za michezo ya leo zinazidisha matriksi hizo hizo. (Roberts huyo huyo ndiye aliyeongoza baadaye ujenzi wa ARPANET, mama wa intaneti. Watu wengine Mungu amewajalia!)

Mashine za nyumbani hazikuwa na nguvu ya kuzidisha hivyo. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na vibonzo vinane ambavyo ungeweza kuvihamisha kwa kubadilisha nambari mbili tu kwenye kumbukumbu, x na y. Balaa ni kwamba baiti moja huishia 255 na kioo kilikuwa na upana wa nukta 320. Biti ya tisa ya kila kibonzo ilibidi ipangwe kwingine, zote nane zikibanana kwenye baiti moja, anwani 53264. Ukiisahau, mchezaji wako akivuka 255 anachomoza tena upande wa kushoto kama jini.

Kisha ikaja PostScript, lugha ya Adobe ya mwaka 1984 ya kuamrisha printa. Humo ukiandika 100 50 translate, hakuna umbo linalosogea. Inayosogea ni mihimili. Sifuri yenyewe inabebwa hadi mahali papya, na chochote utakachochora baadaye kinapimwa kutoka hapo. Ni Descartes yule yule. Matriksi yake huandikwa kwa nambari sita, kwa kuwa mstari wa mwisho huwa daima 0 0 1 na hakuna haja ya kuuhifadhi. PDF ilirithi nambari hizo sita mwaka 1993, SVG ikazirithi mwaka 2001. Kwenye PostScript sifuri iko kona ya chini kushoto, kama daftarini. Kwenye vioo vya kompyuta iko juu kushoto na y huongezeka kuelekea chini, kwa sababu mwale wa runinga za zamani ulianzia juu. Pembetatu ya mwalimu wetu ya hatua 2 chini, kwenye kioo ingepaa.

Sifuri ya Kenya

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna sifuri moja inayowahusu wengi wetu kuliko tunavyojua.

Ramani zetu za vipimo vya 1:50,000 zina gridi iitwayo UTM, iliyobuniwa na jeshi la Marekani miaka ya 1940. Dunia imekatwa kanda 60 kama vipande vya chungwa, kila kimoja digrii 6. Kenya imeangukia kanda ya 36 na ya 37, na mstari unaozitenga, digrii 36 mashariki, unapita karibu kabisa na Nakuru. Sifuri ya kila kanda ni mahali mstari wake wa katikati unapokata ikweta. Kwa kanda ya 37 hapo ni digrii 39 mashariki, kaskazini magharibi ya mji wa Garissa. Ndiyo, sifuri iko ndani ya nchi yetu!

Matokeo yake ni kwamba Nairobi, iliyo kusini na magharibi ya sifuri hiyo, ingekuwa takriban (−243,000, −142,000) kwa mita. Hasi mbili. Hakuna soroveya anayetaka kuandika hasi kwenye daftari lake porini kwenye mvua, kwa hiyo ujanja wa Descartes ukatumika: x zote zinaongezwa 500,000, na y zote za kusini mwa ikweta zinaongezwa 10,000,000. Nairobi inakuwa takriban (257,000, 9,858,000), nambari chanya zenye heshima. Na masoroveya huziita nyongeza hizo kwa jina lile lile la mwaka 1637. Ni mashariki ya uongo na kaskazini ya uongo.

Tatizo ni kwamba kaskazini ya ikweta y haiongezwi kitu. Nchi nyingi haziathiriki. Sisi tunaathirika. Chukua shamba karibu na Nanyuki, kona moja mita 1,000 kaskazini ya ikweta na nyingine mita 1,000 kusini. Kona ya kwanza ina y ya 1,000 na ya pili ina y ya 9,999,000. Shamba la kilomita 2 limekuwa utepe wa kilomita 9,998, mrefu kuliko safari ya kutoka hapa hadi London. Dawa ni kuchagua upande mmoja na kuutumia kwa umbo zima, kona ya kaskazini iwe 10,001,000. Hitilafu ya aina hiyo angalau inapiga kelele.

Isiyopiga kelele ni hii. Ramani hizo zimejengwa juu ya vipimo viitwavyo Arc 1960. Mwaka 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Cape, alipendekeza mlolongo wa pembetatu za upimaji kutoka Afrika Kusini hadi Misri kufuata digrii 30 mashariki. Pengo la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Hesabu zake zilifanywa kwa umbo la dunia alilolikadiria Mwingereza Clarke mwaka 1880. Setilaiti za GPS zinatumia umbo jingine, WGS84, lenye kitovu mahali pengine. Tofauti ya vitovu hivyo, kwa wastani wa Kenya na Tanzania iliyochapishwa na shirika la ramani la jeshi la Marekani, ni mita −160, −6 na −302 kwenye mihimili mitatu. Kuhamisha umbo, basi! Kwenye ramani bapa hapa karibu na ikweta inaonekana kama mita 300 hivi kaskazini-kusini na kama mita 90 mashariki-magharibi.

Kwa miaka mingi wachache waliliona. Hadi Mei 2000 GPS ya raia ilikuwa inavurugwa kwa makusudi, kosa likifikia mita 100. Kisha Google Earth ikaja mwaka 2005 na kila mtu akaweza kulaza mipaka ya shamba juu ya picha ya setilaiti.

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa faili la mashamba ya wakulima, kutoka kwa mteja nisiyemtaja. Mtu aliyelishika kabla yangu aliona mipaka yote inaelea kaskazini ya ua na barabara. Badala ya kubadilisha Arc 1960 kuwa WGS84, aliyashika mashamba yote kwa kipanya akayaburuta hadi yakakaa vizuri machoni pake. Hakuandika ameyaburuta kiasi gani. Eneo la kila shamba lilikuwa sahihi hadi desimali ya mwisho. Pembe zilikuwa sahihi. Programu ya ukaguzi haikulalamika hata mara moja, na ingelalamikia nini? Ila kila mpaka ulikuwa umeingia kwa jirani kama mita 20, na mita 20 kwenye mashamba madogo ni nyumba ya mtu, ni choo, ni kaburi la baba.

Tuliomba karatasi za soroveya zenye nambari za bikoni. Nikatoa x kwa x na y kwa y. Tofauti ilikuwa moja kila bikoni, kwa hiyo nilijua ni kuhamisha tu, hakuna kuzungusha, na nikairudisha. Mashamba matano ya upande wa mto yalitoa tofauti nyingine, yalikuwa yameburutwa mara mbili. Ndipo nikatumia hesabu yenyewe, na si ule wastani, bali nambari za Kenya peke yake, −157, −2 na −299. Za Tanzania ni −175, −23 na −303, kwa hiyo hata upande gani wa mpaka wa Namanga umesimama una maana.

Mashamba mawili hayakuwa na karatasi. Kwa hayo hapakuwa na hesabu ya kufanya. Soroveya alirudi shambani, akafukua bikoni kwa jembe, akapima upya.